Kona ya Meza ya Kukatia

Dada yangu ni mwongo. Nalisema mapema ili mtu asije akashtuka baadaye. Uongo ndio kazi yake: ameandika riwaya saba za watu ambao hawakuzaliwa, na wasomaji wanawalilia kama jamaa zao. Huo wa vitabuni namsamehe. Nisiomsamehe ni ule aliowaambia watu wa gazeti.

Walikuja wawili, mmoja na kamera. Wakamuuliza, "Mama, wewe hupenda kuandikia wapi?" Naye, mtu mzima na mvi zake, akawapeleka kwenye chumba alichojengewa na mwanawe nyuma ya nyumba. Chumba kizuri, sikisemi vibaya. Kina dirisha la kutazama bustani, meza ya mbao nzito, kiti cha kuzunguka na rafu za vitabu mpaka darini. Akakaa, akashika kalamu, akatazama nje kama mtu anayesubiri mgeni, wakampiga picha. Gazeti likaandika kwamba hapo ndipo vitabu vyake vinapozaliwa, katika utulivu.

Utulivu! Nilicheka mpaka mteja niliyekuwa nampima akaniuliza kama nimekanyaga pini.

Ukweli ni huu. Chumba kile hakijawahi kuzaa hata barua. Vitabu vyake vitatu vya mwisho viliandikwa karakana kwangu, kwenye kona ya meza yangu ya kukatia, kati ya pasi ya mkaa na kopo la vifungo, juu ya kigoda ambacho mguu wake mmoja umeegemezwa kwa kipande cha kadibodi. Mimi ni fundi cherehani. Karakana yangu ina mlango mmoja, dirisha moja na cherehani moja ya kukanyaga, ambayo hugonga kila gurudumu linapozunguka, ko, ko, ko, tangu siku lilipodondoshwa wakati wa kuhama. Wateja wanaingia na kutoka. Huyu suruali inambana, yule anataka gauni la kesho na kitambaa bado hajanunua. Mimi mwenyewe si mtu wa kunong'ona. Hata simu naipokea nikiwa nimeibana kwa bega huku mguu unaendelea kukanyaga. Sijawahi kusimamisha cherehani kwa ajili ya simu, awe amepiga mkubwa gani. Atakayetaka kunisikia atapaza sauti.

Humo ndimo anamopenda kuandikia, Bibi Utulivu.

Alianza kwa bahati. Alileta gauni kuongezwa kiuno (hilo nalo hakuwaambia watu wa gazeti), akakaa kungoja, akachukua kipande cha karatasi pale mezani akaanza kuandika. Nilipomaliza gauni yeye hakuwa amemaliza. Kesho yake akarudi bila gauni.

"Umesahau nini?" nikamuuliza.

"Kukaa," akasema.

Kwa asiyeijua kazi yetu, nieleze kidogo habari ya karatasi. Mteja akija nampima, nachora vipimo vyake kwenye karatasi ya kaki, naikata vipande vipande: mgongo, kifua, mikono, kola. Vipande hivyo navibana juu ya kitambaa kwa pini, kisha mkasi unavifuata. Kazi ikiisha sivitupi. Navitoboa, navitundika kwenye msumari ukutani, kila mteja na msumari wake, ili akirudi mwakani nisihangaike kumpima upya, labda tumbo. Ukuta wangu mzima ni watu wa karatasi. Mteja akihama, akifa, au akinenepa kupita kiasi, nashusha karatasi zake. Zilizo kubwa zina mgongo safi, haziendi bure; naziweka kwenye kasha chini ya meza, nazikatia watu wengine.

Dada akazipenda karatasi hizo. Alisema daftari jipya linamtazama vibaya, lakini karatasi iliyokwisha kuwa koti la mtu haina makuu. Nikampa ruhusa kwa sharti moja tu: akishaandika, aweke kwenye kikapu chake, asiiache mezani. Kwenye meza ya fundi, karatasi iliyolala ni karatasi ya kukatwa. Miaka mitatu alilishika sharti hilo vizuri kuliko alivyowahi kushika sharti lolote la mama yetu.

Kulikuwa na sharti la pili, ambalo sikulitamka na halikuhitaji kutamkwa. Bobini hatajwi.

Bobini ni binti yangu, wa pekee. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu alikuwa kidonge cha mtoto, mviringo, hatulii, anazunguka siku nzima miguuni pangu kama bobini, kile kijigurudumu cha uzi, ndani ya cherehani. Alikua chini ya meza ile ile. Alijua kushona kifungo kabla hajajua kusoma. Karatasi yake iko kwenye msumari wa kwanza karibu na mlango, vipimo vya mwaka wake wa mwisho nyumbani, na sijaishusha.

Nilikuwa nimemwekea kitambaa cha harusi tangu yuko shule. Cheupe, kizito, nilikifunga kwenye shuka nikakificha hata panya wasikijue. Siku ya siku akaja na mfuko wa dukani, ndani gauni lililokwisha kushonwa. "Mama, nimeona nisikuchoshe," akasema.

Asinichoshe! Mimi niliyewavisha maharusi wa mtaa mzima! Nikacheka, lakini kwa meno tu. Singemwambia kwamba nimeumia. Mtu wa kiburi haumwi hadharani. Nikakaa nalo kooni mpaka siku ya harusi. Na siku hiyo, wakwe wamekaa, watu wamevaa vizuri, kila mtu ana furaha, nikapiga magoti mbele ya mwanangu. Watu walidhani namnyoosha gauni, kama mama yeyote. Nikalishika pindo, nikaligeuza nje, nikamwita mama wa bwana harusi: "Hebu njoo uone, mwenzangu. Wamepinda mara moja tu, na uzi wenyewe wa kushikiza. Hili jioni halifiki."

Mmoja wa wakwe akacheka. Bobini akanitazama toka juu. Hakupaza sauti. Akasema, "Hata leo, Mama?" Akaliachanisha pindo na vidole vyangu taratibu, akaenda zake.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa vyote viwili, kwa maana kidole ndicho kilichogeuza pindo. Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Walihamia mji mwingine. Akapata mtoto, nikaambiwa na Dada. Bobini ndiye mtoto, nikasema, acha aanze. Naye bila shaka alisema mimi ndiye mkosaji, acha nianze. Ukaidi huo hakuuokota njiani, aliurithi kwangu. Basi tukakaa hivyo, kila mmoja na simu yake, kimya. Mchana nilikuwa fundi hodari mwenye mdomo. Asubuhi nikifungua mlango, kabla ya kuketi, naigusa ile karatasi msumarini. Kama hilo ni kuzungumza na mwanangu, basi nilizungumza naye kila siku.

Sasa nije kwenye siku ya mkasi.

Dada alikuwa na kitabu kipya, mwaka mzima anakiandika, na miezi sita ya mwisho alikuwa amekwama kwenye sura moja tu, ya kumalizia. Anaandika, anafuta, ananitazama, ananiuliza vitu visivyo na kichwa wala miguu. "Mdogo wangu, ukishtuka, mguu unatoka kwenye kanyagio au unabaki?" Mimi namjibu tu. Nilidhani anauliza kama anavyouliza bei ya vifungo.

Asubuhi hiyo alikuja mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Anastaafu, anataka koti la kuagia. Karatasi yake ilikuwa ukutani lakini mwenyewe amekonda, kapungua kama sabuni, ikabidi nimpime upya. Dada aliitwa na simu akatoka nje. Nikaweka vipimo, nikanyoosha mkono, nikavuta karatasi zilizokuwa mezani, upande wa vipimo vya zamani juu. Sikuzigeuza. Fundi haangalii mgongo wa karatasi, anaangalia ukingo. Nikachora, nikakata. Mgongo, kifua kushoto, kifua kulia, mikono, kola, nikavibana juu ya kitambaa kwa pini. Vipande vilivyobaki nikavisokomeza kwenye pasi, nikawashia mkaa, kama ninavyofanya siku zote za Mungu.

Mwalimu mkuu akaondoka. Dada akarudi.

"Mdogo wangu, karatasi zangu ziko wapi?"

"Zipi?"

"Zilizokuwa hapa mezani."

"Hapa pangu au hapa pako?"

 Alikuwa anaitazama pasi, na moshi unavyotoka.

Nimewahi kukata kitambaa cha mtu vibaya mara mbili maishani, na ninajua baridi inayoshuka mgongoni mkasi ukishafunga. Siku hiyo ilishuka mara mia. "Niambie ulinakili mahali," nikasema. Akatikisa kichwa. Huandika mara moja, kwa mkono, hanakili mpaka kitabu kiishe. Na kosa ni lake, sharti alilijua, lakini sikuwa na moyo wa kumkumbusha. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mikono mapajani kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Usilie," nikamwambia. "Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hii ni karatasi."

Nikaenda kwenye kitambaa cha koti, nikaanza kuchomoa pini, nikizitia mdomoni moja moja kama kawaida yangu. Nikavigeuza vipande, nikavipanga juu ya meza. Mwandiko ule hapa, mstari unaokatika huku unaendelea kule, kola inakwenda juu ya mgongo. Yeye alisema tusihangaike, tuache tu. Ajabu, nikafikiri, mtu na kazi yake anasema tuache? Nikaendelea. Ili kujua kipande kipi kinafuata kipi, ilibidi nisome.

Nikasoma mgongo. Kulikuwa na mwanamke fundi, mkali, anayebana pini mdomoni. Nikacheka kidogo. Nikasoma kifua cha kushoto. Yule mwanamke akitunga uzi huuma ulimi upande wa kulia. Ulimi wangu ulikuwa pale pale, upande wa kulia. Nikaacha kucheka. Kifua cha kulia kilikuwa na ukuta wa misumari, na msumari mmoja karibu na mlango ambao mwanamke huugusa asubuhi akidhani hakuna anayemwona. Kola ilikuwa na harusi. Ilikuwa na pindo, na mama wa bwana harusi anayeitwa aje aone.

Nikatema pini zote mezani.

Kipande cha mwisho kilikuwa mkono wa kulia. Kiliandikwa hivi, nakijua kwa moyo: *Akatokea mlangoni. Cherehani ikanyamaza. Mama akainua uso asijue aweke wapi mikono. Binti akamtazama, akafungua kinywa, akasema*

Hapo palikuwa na mviringo wa kwapa. Mkasi wangu ulipita hapo hapo, baada ya neno "akasema". Kilichofuata kilikuwa jivu.

"Toka," nikamwambia.

"Mdogo wangu, nisikilize..."

"Miaka mitatu unakaa hapa unanichuna ngozi kidogo kidogo, na mimi nakupikia chai! Nakuwekea kadibodi chini ya kigoda usianguke!"

"Sikuandika ubaya wako hata mstari mmoja."

"Umeandika ukweli wangu. Ubaya ningekuvumilia."

 Akachukua kikapu chake akaondoka. Nilikitupa kigoda nje, kisha nikaona aibu, majirani wanatazama, nikakirudisha ndani. Koti la mwalimu mkuu nililikatia karatasi nyingine. Vile vipande vya zamani nikavikunjakunja kwa hasira. Ule mkono wa kulia sikuukunja. Nikautundika kwenye msumari wa Bobini, usiniulize kwa nini.

Ilipita wiki moja, ya pili. Hasira yangu ni ya moto wa karatasi, inawaka sana halafu haidumu. Kilichobaki chini yake ndicho kilichonisumbua. Alisema nini? Mwanangu alifungua kinywa mlangoni, akasema nini? Nilikuwa nimeshika jibu lake mkononi, nikawashia pasi.

Nikawa nalitafuta mwenyewe huku nakanyaga. Akasema, Mama, nimekuja unisikilize. Akasema, Mama, nimekuja kugombana. Akasema, Mama, nisamehe. Hilo la mwisho nililipenda kuliko yote na sikuliamini hata kidogo. Siku moja nilishona miguu ya suruali pamoja, nikaipiga pasi kabisa, nikaikunja. Mwenye suruali akanitania kwamba nimemgeuza nguva. Nikaanza kuifumua bila mzaha, mimi!

Nilitamani kumsikia mwanangu. Nalisema bila kuzunguka, kwa sababu wakati ule sikulisema kwa mtu yeyote. Nilitamani mpaka kifua kikauma, na nilikuwa tayari kumsikia hata kwa mdomo wa mtu mwingine, hata kwa karatasi.

Wiki ya tatu, mchana mmoja, nikafunga karakana nikaenda kwa Dada.

Nilizunguka nyuma ya nyumba, na kabla sijafika kwenye chumba cha gazeti nikasikia cherehani. Nikasimama. Ko, ko, ko. Loo! Amepata fundi mwingine, nikasema moyoni, na wivu ulionishika hapo ni wa kuchekesha. Amemleta mpaka nyumbani! Lakini kadiri nilivyosikiliza, ndivyo nilivyojua kwamba mlio ule ni wa cherehani yangu. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke ikimfokea mtu juu ya zipu. Ilikuwa yangu.

Nikausukuma mlango. Dada alikuwa kwenye kiti chake cha kuzunguka, dirisha amelipa kisogo. Simu yake ilikuwa mezani imeegemezwa kwenye kamusi, ndiyo inayotoa ile sauti. Mbele yake kulikuwa na karatasi, nyeupe, tupu. Aliniona akaikurupukia simu kuizima kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Nilikurekodi ulipokuwa unashona yale mapazia ya ofisi. Nilidhani ikibidi siku moja nihamie huku, angalau nitakuwa nayo."

"Inasaidia?"

"Wapi. Haijui kama nipo."

Nilikaa kwenye rundo la vitabu, kwa kuwa chumba chote kile kizuri hakikuwa na kiti cha mgeni. Bustani ilikuwa imenyamaza. Sikuja kugombana tena wala kubembelezwa. Nikamuuliza lile lililonileta.

"Akasema nini?"

Hakujifanya hajui nani. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, na alivyoifuta muda mrefu nikajua jibu si zuri.

"Hakusema," akajibu.

"Uliandika 'akasema'. Nimesoma mimi. Kilichobaki nilikichoma."

"Ulichoma karatasi tupu, mdogo wangu. Nilifika kwenye neno hilo nikakwama. Kile kipande ulichotia kwenye pasi kilikuwa hakina hata herufi."

Wiki tatu! Wiki tatu nimelia msiba wa karatasi tupu. Nilitaka kumpiga na kamusi.

"Nimemwandikia maneno hata sikumbuki idadi yake," akaendelea. "Mazuri, mengine ya kuliza watu. Yote yalikuwa yangu, lake halikuwamo. Mimi nimezoea kuwasemea watu, ndiyo kazi yangu, lakini huyo alikataa. Nikawa nakaa pale kwako kila siku nikitumaini siku moja utamtaja, hata kwa bahati mbaya, nami nitamsikia. Mwanzoni nilikuja kwa ajili ya kelele, hilo ni kweli. Miezi hii sita nilikuwa namngoja Bobini. Tulikuwa tunamngoja wote wawili, meza moja, na hakuna aliyemwambia mwenzake."

Alikuwa amelitaja jina. Miaka sita halijatajwa mbele yangu. Nilidhani likitajwa nitapasuka, lakini nilikaa tu.

"Ungeniomba ruhusa," nikasema baadaye.

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa."

"Na ungekuwa na haki. Niwie radhi, mdogo wangu."

"Hilo nalo umeliandika mahali?"

"Hili hapana. Hili ni la mdomo."

Nikasimama. Mlangoni akaniambia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeweka kitu kwenye ukingo wa meza asijue kitapokelewaje, "Namba yake haijabadilika."

"Unafikiri siijui?" nikamfokea. Naijua kama vipimo vyangu mwenyewe. "Kesho njoo mapema. Kigoda chako kinanizibia njia."

Asubuhi alikuja kabla sijawasha mkaa. Akakaa kwenye kona yake, akatoa karatasi ya kaki, akaweka kalamu juu yake. Nilikuwa na sketi ya kumalizia. Nilishona upande mmoja, nikashona wa pili, nikakata nyuzi ambazo hazikuhitaji kukatwa. Mwishowe nikaondoa mguu kwenye kanyagio. Niliushusha kabisa, nikauweka sakafuni. Nikachukua simu, sikuibana begani. Niliishika kwa mikono miwili.

Ikaita. Ikaita tena, muda mrefu, mpaka nikaanza kushukuru kwamba hakuna wa kuipokea. Kisha ikapokelewa.  Nilisikia mtoto mahali anagonga kitu, nikasikia pumzi ya mwanangu. Pumzi ya mtoto wako haisahauliki.

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeyashona na kuyafumua. Hayakuja hata moja.

"Mama?" akasema Bobini. Sauti yake ilikuwa na woga. "Mama, mbona cherehani haisikiki? Unaumwa?"

Lo, maskini mimi. Katika yote niliyomtungia, na yote aliyomtungia Dada na elimu yake, hilo halikuwamo.  Nikafanya nilichoweza: nikarudisha mguu kwenye kanyagio, nikakanyaga. Cherehani ikaanza bila kitambaa, ko, ko, ko, nikaisogezea simu karibu. Nikakanyaga mpaka nikasikia analia upande wa pili, nami nilikuwa nalia zamani.

"Siumwi," nikasema. "Nimesimamisha ili nikusikie. Bobini, lile pindo. Nilikukosea. Nilitaka kukushonea mimi, nikaumia, nikakuumbua mbele ya watu siku yako. Nisamehe, mama."

 Akavuta kamasi, nikajua anataka kucheka.

"Lilifumuka, Mama," akasema. "Hata mchana haukwisha. Nililibana kwa pini siku nzima, nikawa natembea kando kando ya ukuta ili usione."

Nilikumbuka. Nilimwona siku ile anavyoambaa na ukuta, nikasema moyoni, angalia anavyonikimbia. Kumbe alikuwa ananificha pini. Alizichomeka kwa ndani, akaniambia, kama nilivyomfundisha.

Tulizungumza mpaka simu ikawa moto sikioni. Nilipoikata nikamgeukia Dada. Alikuwa amekaa vile vile kwenye kona yake, uso umelowa, karatasi mbele yake haina alama. Kalamu alikuwa ameirudisha kwenye kikapu.

"Hilo la pini," nikamwambia, "usithubutu kuliandika."

"Si langu," akasema.

Kweli, hakuliandika. Kitabu chake kimetoka, kinaishia kwenye neno "akasema", na wasomaji wanampigia simu kugomba kwamba kimekatwa. Anawaambia waulize fundi. Ndiyo maana lililofuata nimelisema mwenyewe, kwenu mliokuja kuuliza, na sasa naomba nafasi mezani, kwa kuwa Bobini anakuja Jumamosi na mwanawe, na kile kitambaa cheupe bado kipo, nataka kumkatia mtoto shati.